Yai hupasukia bandani kabla ya kufika mpakani

ARUA. Mfanyabiashara wa mayai anayevuka Vurra kwenda Ariwara, au Oraba kwenda Kaya na Yei, huanza safari akihesabu hasara. Trei 100 ni mayai 3,000. Yakipasuka matano katika kila mia, mayai 150 yamekwenda, yaani trei tano nzima, kabla hajauza hata moja.

Lawama humwangukia dereva wa bodaboda, mashimo ya barabarani au mpakuaji aliyeushusha mzigo kwa pupa. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haimalizi habari. Mayai mawili yaliyopita njia moja, katika trei moja, hayafiki sawa: moja zima, jingine lina ufa. Tofauti hiyo mara nyingi hutoka katika banda alimotagia kuku, kwenye chakula alichopewa jana yake na mahali alipolala usiku.

Kwa wanunuzi wa Arua na Koboko, jambo hili linagusa mfuko moja kwa moja. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 1, 2020, imezungukwa na masoko yanayohitaji mayai kila siku: Kongo upande wa magharibi, Sudan Kusini upande wa kaskazini, na makazi makubwa ya wakimbizi kama Bidibidi na Rhino Camp. Koboko iko karibu na mahali ambapo nchi tatu hukutana, na Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mpaka huo.

Mayai yanayotoka maeneo ya Kampala husafiri karibu kilomita 500 kabla ya kufika hapa. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na magari kulazimika kuzunguka, wengi walikumbushwa thamani ya yai linalotagwa jirani. Ndiyo maana banda lililo nyuma ya nyumba katika mitaa kama Mvara, jirani na kanisa kuu la Emmanuel, ni sehemu ya biashara ya mpakani hata kama mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka.

Ganda hutengenezwa usiku

Kuku wa kisasa wa mayai, akitunzwa vizuri, hutaga karibu kila siku na kufikisha mayai 300 au zaidi kwa mwaka. Yai moja huchukua takriban saa 24 hadi 26 kukamilika. Kati ya hizo, kama saa 20 ni za kujenga ganda peke yake. Kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi, kazi kubwa ya ganda hufanyika usiku, kuku akiwa amelala na hali chochote.

Ganda la yai la gramu 60 lina uzito wa kama gramu sita, na ndani yake mna gramu mbili na zaidi za kalsiamu. Kuku huitoa kwenye chakula kilichobaki tumboni. Kisipotosha, huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Akiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, ganda linakuwa jembamba, kisha laini kama ngozi, na mwisho kuku mwenyewe anashindwa kusimama.

Hapo ndipo mfugaji mzoefu hutofautiana na anayebahatisha. Chokaa iliyosagwa kama unga hupita tumboni upesi. Vipande vya makombe vyenye ukubwa wa punje ya mtama hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati ule hasa ganda linapohitaji kalsiamu. Kuviweka jioni katika chombo cha pembeni ni kazi ndogo yenye faida kubwa.

Kosa jingine ni kuchanganya umri. Chakula cha kuku watagao kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na cha mitamba wanaokua ni kama asilimia moja tu. Ukiwapa watagao chakula cha mitamba, maganda yanavunjika. Ukiwapa mitamba chakula cha watagao kwa muda mrefu, figo zao zinaharibika hata kabla hawajataga yai la kwanza.

Hofu nayo huandikwa kwenye ganda. Kuku anayeshtuliwa na mbwa, anayefukuzwa na wenzake au asiye na kiota huweza kulizuia yai ndani kwa saa kadhaa. Linapotoka huwa na vumbi jeupe la chokaa juu yake, au lina mkunjo kiunoni. Trei yenye mayai mengi ya namna hiyo inatoka katika banda lisilo na utulivu.

Kuku wengi, nafasi kidogo

Kuku huishi kwa ngazi. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyechapisha uchunguzi wake wa kuku miaka ya 1920, alionyesha kwamba katika kila kundi kuna anayedonoa wote na kuna anayedonolewa na wote. Ngazi hiyo si tatizo banda likiwa na nafasi, kwa sababu mnyonge hujitenga. Banda likijaa, hana pa kukimbilia.

Kinachofuata ni kunyofoana manyoya. Kuku kwa asili hutumia sehemu kubwa ya mchana akiparua na kudonoa ardhi akitafuta chakula. Asipokuwa na cha kuparua, mdomo haukai bure: unageukia mgongo wa jirani. Manyoya yakitoka, damu ikionekana, kundi zima huvutwa na wekundu huo, na kuku huanza kulana. Mwanga mkali, joto, chakula chenye upungufu wa protini au chumvi, yote huongeza tabia hiyo.

Hasara haiishii kwa kuku anayekufa. Kuku aliyenyofolewa mgongo hupoteza joto nyakati za baridi, hivyo hula zaidi ili kujipasha. Mfugaji analipia chakula ambacho hakigeuki kuwa yai.

Kuna vipimo vinavyosaidia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 inaruhusu kuku wasiozidi tisa kwa kila mita ya mraba katika mabanda ya sakafuni, na hayo ni mabanda yenye mitambo ya hewa. Kwa banda la kawaida la Afrika Mashariki, ushauri uliozoeleka ni kuku wanne hadi sita. Chumba cha mita nne kwa tano, basi, ni cha kuku 80 hadi 120. Akiwamo kuku wa 200, mfugaji hajaongeza mayai mara mbili, ameongeza ugomvi.

Vyombo vya chakula navyo vina hesabu yake. Kila kuku anahitaji sentimita 10 za ukingo wa kihori. Kihori cha mita mbili kinacholiwa pande zote kinatosha kuku 40, si 100. Vikiwa vichache, wakubwa hula kwanza na kuchagua punje za mahindi, na wanyonge hubaki na unga wa chini. Hivyo katika banda moja wapo kuku walionona kupita kiasi na wapo wenye njaa, na mayai ya pande zote mbili hupungua.

Kiota, fito na vumbi

Saa moja au mbili kabla ya kutaga, mtetea huanza kutafuta mahali pa siri penye giza kidogo. Asipopata, hutembea huku na huko akilalama, na mwisho hutaga sakafuni. Yai la sakafuni huchafuka, hukanyagwa, hudonolewa. Kuku aliyeonja yai lililopasuka hujifunza kulipasua jingine kesho yake, na tabia hiyo ikishaingia ni ngumu kuiondoa.

Kiota kimoja kwa kuku watano hadi saba kinatosha. Kinaweza kuwa sanduku la mbao au boksi lenye nyasi kavu, mradi kiwe sehemu tulivu isiyopigwa na mwanga. Kuku 100 wanahitaji viota 15 hadi 20.

Usiku kuku hutaka kupanda juu, kama walivyofanya mababu zake mitini msituni. Fito za kulalia zenye sentimita 15 kwa kila kuku humpa usingizi, humtoa kwenye kinyesi na kumwimarisha mifupa ya miguu. Mchana hujigaragaza kwenye vumbi kusafisha manyoya na kupunguza utitiri. Matandazo makavu ya maranda, maganda ya kahawa au makapi ya mpunga hufanya kazi zote mbili: kuku huparua na huoga humo.

Yakilowa, mambo hugeuka. Kinyesi kibichi hutoa hewa ya amonia inayochoma macho na kuharibu njia ya hewa ya kuku. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mtu akichuchumaa hadi kimo cha kuku na macho yakamwasha, kuku wamekuwa wakiwashwa mchana na usiku.

Hapo pia huzaliwa kishawishi cha kuosha mayai. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo vilivyofunikwa na utando wa asili. Ukilisugua kwa maji baridi, utando unatoka na uchafu unaingia ndani. Yai linang'aa sokoni asubuhi, lakini linaoza mapema kuliko lile lililopanguswa kwa kitambaa kikavu.

Vizimba vya nyaya

Baadhi ya wafugaji wa Uganda wamehamia kwenye vizimba vya nyaya vilivyopangwa ghorofa. Faida zake ni za kweli: mayai hubingirika yenyewe na kutoka safi, kuku hagusi kinyesi, minyoo hupungua, na kuku wengi huingia eneo dogo.

Gharama yake pia ni ya kweli. Katika vizimba vitupu vya Ulaya, kuku mmoja alipewa sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4. Hawezi kutandaza mabawa, kuparua, kuoga vumbi wala kujificha anapotaga. Kwa kutotembea, mifupa hudhoofika, na kalsiamu inayokwenda kwenye ganda humalizia kazi hiyo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba hivyo kuanzia Januari 1, 2012, ukaruhusu tu vyenye sentimita za mraba 750 kwa kuku, pamoja na kiota, fito na mahali pa kuparua.

Kwa mfanyabiashara, udhaifu huo huonekana kuku anapozeeka na kuuzwa kwa nyama. Kuku aliyeishi kizimbani, akifungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda hadi sokoni, huvunjika mifupa kwa urahisi. Anafika na nyama iliyovia damu, na mwenye hoteli anaikataa. Kumbeba katika tenga lenye hewa kunampunguzia maumivu kuku na kunamlindia bei mwenye mali.

Kinachoingia kwenye kihori

Kuku mmoja hula kama gramu 115 kwa siku. Kuku 100 humaliza gunia la kilo 70 kwa siku sita. Kwa kuwa chakula ni zaidi ya nusu ya gharama zote, ndiko mfugaji anakobana kwanza anapoishiwa.

Njia rahisi ya kubana ni kuongeza pumba za mahindi. Tumbo linajaa, lakini protini inashuka chini ya asilimia 16 inayohitajika, na kunyofoana manyoya kunaanza. Mihogo mikavu, inayopatikana kwa wingi West Nile, ni chanzo kizuri cha nguvu ikikaushwa sawasawa kuondoa sumu, lakini ina protini kidogo sana. Lazima iende pamoja na soya, mashudu ya alizeti au dagaa.

Dagaa wana mtego wao. Gunia lililochanganywa mchanga lina uzito bila lishe. Waliotiwa chumvi nyingi huwafanya kuku wanywe maji kupita kiasi, kinyesi kinakuwa majimaji, matandazo yanalowa, amonia inapanda na mayai yanachafuka. Anayelalamikia mayai machafu huko Koboko huenda analalamikia dagaa bila kujua.

Mashudu ya pamba nayo yakizidi hubadili rangi ya kiini kuwa ya kijani kibichi iliyofifia. Mahindi yenye ukungu ni hatari zaidi: sumu yake huharibu ini la kuku, hupunguza utagaji na hudhoofisha kinga ya mwili. Kiini cheupe, kwa upande mwingine, si ugonjwa. Mahindi meupe hayana rangi inayohitajika. Majani mabichi kidogo kila siku huirudisha, na kamba ya majani iliyoning'inizwa bandani huwapa kuku cha kudonoa badala ya wenzao.

Maji ndiyo chakula kinachosahaulika. Kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa anachokula, na zaidi sana siku za joto. Kuku 100 wanahitaji lita 25 katika siku ya kawaida. Wakikosa maji kwa siku moja tu, mayai hupungua kwa siku nyingi zinazofuata.

Miezi ya kiangazi

Kuku hana jasho. Joto likimzidi hutweta, na kwa kutweta hupoteza hewa ya ukaa ambayo mwili wake huihitaji kujenga ganda. Wakati huohuo hula kidogo. Matokeo yake ni mayai madogo yenye maganda membamba, hata kama chakula hakijabadilika. Ndiyo sababu mzigo wa kiangazi huvunjika zaidi kuliko wa msimu wa mvua.

Dawa yake iko kwenye ujenzi. Banda lenye urefu wa mashariki kwenda magharibi halipigwi ubavuni na jua. Kuta za wavu juu ya tofali chache hupitisha upepo. Nyasi zilizotandazwa juu ya bati hupunguza joto. Maji ya baridi adhuhuri, na chakula asubuhi mapema na jioni, humsaidia kuku kula wakati anapoweza.

Bei inavyorudi bandani

Kuna upande wa habari hii ambao mnunuzi huusahau. Anapobana bei ya trei hadi mwisho, bila kutofautisha yai gumu na jepesi, mfugaji hana sababu ya kununua makombe wala kupunguza kuku. Huongeza kuku 50 zaidi chumbani na kuongeza pumba kihorini. Maganda yanapungua unene, mayai yanavunjika njiani, mnunuzi anafidia hasara kwa kubana bei tena, na mfugaji anajaza banda zaidi. Anayelipa mwanzo na mwisho ni kuku. Katikati, wote wawili wanapoteza.

Mzunguko huo unaweza kukatwa na yeyote kati yao, lakini mnunuzi ana nguvu zaidi kwa sababu ndiye mwenye fedha. Kununua kwa mfugaji yuleyule, kukubaliana mapema jinsi ya kugawana hasara ya mayai yenye ufa, na kuongeza kidogo kwenye trei iliyo safi na ngumu, hugharimu chini ya trei tano zinazotupwa Kaya.

Kabla ya kuhesabu trei, dakika kumi bandani zinatosha kuona mengi:

• Migongo ya kuku: ikiwa mitupu, kuna kunyofoana, na mayai yatapungua.
• Harufu: ikichoma macho, matandazo yamelowa na mayai yatakuwa machafu.
• Sakafu: mayai mengi chini yanaonyesha viota havitoshi.
• Kihori na maji: kuku wakigombania, wanyonge wana njaa.
• Makombe: yasipoonekana popote, muulize mfugaji kalsiamu inatoka wapi.
• Mayai yenyewe: tochi ya simu nyuma ya yai, gizani, huonyesha ufa usioonekana kwa macho.
• Dawa: kuku wakiwa wanatibiwa kwa antibiotiki, mayai yao hayauzwi hadi siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Baada ya hapo ndipo kazi ya njiani inapofuata: ncha nene ya yai juu, trei zilizofungwa imara, mzigo usioachwa juani.

Mpaka umefunguka, masharti yapo

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000, utaratibu wa Jumuiya wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa umepunguza makaratasi. Haukuondoa masharti ya afya ya mifugo. Homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Uganda Januari 2017, Kenya na Rwanda zilizuia kuku na mayai ya Uganda mara moja, na waliokuwa na mzigo njiani ndio walioumia kwanza.

Siku kama hiyo ikirudi, swali la kwanza la afisa wa mpakani litakuwa mayai haya yametoka banda gani. Mfanyabiashara anayelijua banda, anayemjua daktari wa mifugo wa wilaya anayelikagua, na ambaye trei zake hufika nzima wiki baada ya wiki, ana jibu na ana wateja. Aliyekusanya mayai kwa bei tu, kutoka popote, hana la kusema.